Wanawake wawili, kasia mbili: shindano la Olimpiki ambako nguvu peke yake haitoshi

Mtu aliyekulia kando ya ziwa Kivu ao Tanganyika anajua jambo hili bila kufundishwa: watu wawili wakiwa katika piroge moja, kila mtu na upande wake, na mmoja akavuta kwa nguvu kuliko mwenzake, piroge inageuka. Nguvu yake haiwafikishi mbele, inawapeleka pembeni. Njo shida wanayopambana nayo wanawake wa shindano la makasia la watu wawili ku Michezo ya Olimpiki, kwa dakika karibu saba.

Wengi wakiona shindano hili ku televisheni wanasemaka kwamba wenye misuli mikubwa ndio wanashinda. Nguvu inahitajika sana, ni kweli. Lakini haitoshi.

Chombo chenyewe kikoje?

Kinafanana na piroge kwa mbali tu. Kina urefu wa karibu mita 10, ni chembamba sana, na kanuni inasema uzito wake usipungue kilo 27. Wavuvi wetu wanatumia kafi na wanaangalia mbele. Hawa wanatumia kasia ndefu, inayopita mita 3 na nusu, iliyoshikizwa ku chuma pembeni ya chombo, na wanakaa wakigeuzia mgongo kule wanakoenda. Kiti kinatembea juu ya reli ndogo, na viatu vimefungwa ndani ya chombo. Hivyo sehemu kubwa ya nguvu inatoka ku miguu, si ku mikono.

Kila mwanamke ana kasia moja tu, mmoja upande wa kulia, mwingine wa kushoto. Hakuna mtu wa tatu wa kuwaongoza kwa sauti, kama iko katika chombo cha watu 8. Usukani mdogo unaweza kufungwa ku kiatu cha mmoja wao, akaugeuza kwa mguu huku akivuta. Lakini kila mara usukani unapogeuzwa, mwendo unapungua. Ni afadhali kuvuta vizuri mpaka usukani usihitajike sana.

Juu ya nini kuelewana ni lazima?

Hawa wawili hawakai sehemu moja: mmoja yuko mbele, mwingine nyuma. Kwa hiyo, hata wakivuta kwa nguvu iliyo sawa kabisa, pua ya chombo inayumba kidogo kila mara. Kila mmoja anapaswa kujua mwenzake anaanza kuvuta namna gani, anamaliza namna gani, na kujirekebisha kufuatana naye. Wanavuta zaidi ya mara 30 kwa dakika moja. Katika mita 2000, hiyo inapita mara 200. Kosa dogo linalorudiwa mara 200 linakuwa segonde nzima, na segonde moja inaweza kutenganisha dhahabu na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mlango uliochelewa kufunguliwa

Wanaume wameshindana kwa makasia ku Olimpiki tangu mwaka wa 1900. Wanawake walingoja mpaka 1976, huko Montreal, Kanada. Dhahabu ya kwanza ya wanawake wawili ilichukuliwa na Siyka Kelbecheva na Stoyanka Gruicheva wa Bulgaria. Hata hivyo, walipewa mita 1000 tu, wakati wanaume walikuwa wanavuta mita 2000. Ilikuwa hivyo mpaka 1984. Mwaka wa 1988, huko Seoul, wanawake walianza kushindana kwa mita 2000 sawa na wanaume. Na ilibidi kufika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ili idadi ya mashindano ya makasia ya wanawake ilingane na ya wanaume: 7 kwa 7.

Nchi iliyotawala shindano hili la wawili ni Rumania. Ilishinda 1984, 1988, 2000, 2004 na 2008. Katika hizo tatu za mwisho, mwanamke mmoja, Georgeta Damian, ambaye baadaye aliitwa Andrunache, alikuwamo kila mara.

Mwalimu na mwanajeshi

Uingereza ni nchi yenye desturi ya zamani ya makasia, lakini wanawake wake walikaa miaka 36 bila dhahabu hata moja katika mchezo huu ku Olimpiki. Waliovunja ukimya huo ni Helen Glover na Heather Stanning.

Glover alikuwa mwalimu wa michezo shuleni. Alianza makasia mwaka wa 2008 tu, kupitia mpango wa kutafuta vijana warefu ambao hawakuwa wamejaribu mchezo huo. Wanawake walitakiwa wafike sentimita 180. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alisimama juu ya vidole ili apite. Stanning yeye alikuwa ofisa wa jeshi.

Hawakushinda mara moja. Mwaka wa 2010 na 2011 walipata fedha katika mashindano ya dunia, nyuma ya Juliette Haigh na Rebecca Scown wa New Zealand. Waliendelea pamoja, chini ya kocha Robin Williams. Tarehe 1 Agosti 2012, ku maji ya Eton Dorney karibu na London, walishinda kwa dakika 7, segonde 27 na sehemu 13 za mia, wakiacha Australia nyuma kwa zaidi ya segonde 2. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uingereza katika Michezo ile yote.

Mwaka uliofuata Stanning alirudi jeshini na kutumwa Afghanistan. Kisha akarudi ku chombo, na 2016 huko Rio wakashinda tena. Glover baadaye alizaa watoto watatu, akarudi majini, na katika Michezo ya Paris 2024 akapata fedha katika chombo cha wanawake wanne.

Somo liko wazi. Mwalimu huyu hangejulikana kamwe kama hakuna mtu aliyetafuta wanawake nje ya klabu zenye makasia tayari. Kipaji kilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kukiita.

Ni nini cha kuangalia mara ijayo?

Paris 2024 dhahabu ya wawili ilikwenda Uholanzi, kwa Ymkje Clevering na Veronique Meester, mbele ya Rumania na Australia. Los Angeles 2028 safari itakuwa fupi, mita 1500, kwa sababu ya maji ya Long Beach yatakayotumika. Ukiona shindano hili, usiangalie nani anarusha maji mengi. Angalia kama kasia mbili zinaingia ndani ya maji kwa wakati mmoja na kutoka kwa wakati mmoja, na kama pua ya chombo inakwenda moja kwa moja. Wale ambao ukiwatazama unadhani hawachoki, mara nyingi njo wako mbele.