Segun Toriola na Umri wa Ifo

Mwaka 1991, mahema ya kwanza ya kambi ya Ifo yalipokuwa yakisimamishwa katika mchanga wa Dadaab, Kenya, kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia, huko Nigeria kijana Segun Toriola alikuwa akiutia mkono wake adabu ya mpira wa meza. Na mwaka uliofuata, naye hajatimiza miaka 18, alisimama Barcelona katika Olimpiki, akaianza safari isiyokoma ila Rio de Janeiro mwaka 2016, baada ya Olimpiki 7 mfululizo, daraja lisilofikiwa na mwanamichezo yeyote wa Afrika kabla yake. Mtoto aliyezaliwa Ifo siku za mahema yale alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na yamkini mzazi, ilhali Toriola angali akicheza.

Mpira wenyewe una uzito wa gramu 2.7, mwepesi hata upepo wa Ifo, ule uinuao vumbi jekundu tangu dhuha, ungeuchukua kabla haujavuka wavu. Kinachoshinda aghalabu si nguvu, bali mzunguko autiao mchezaji kwa kuuparuza mpira kwa raba ya kibao chake, ukagusa meza na kugeuka njia. Maarifa hayo hukaa mkononi kwa mazoea ya miaka, na mazoea ya Toriola yalivunjwa mara kwa mara: baada ya Sydney mwaka 2000 mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40, mwendo ukapungua, mwaka 2001 seti ya pointi 21 ikakatwa ikawa ya 11, aliyeanza vibaya asipate wasaa wa kujirudi. Mwaka 2002, mageuzi hayo yangali mapya, ndipo alipotwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Manchester, akicheza peke yake. Nastaajabia stahamala hiyo kuliko medali yenyewe. Mwananchi mwenziwe katika mchezo huo, Olufunke Oshonaike, naye alitimiza Olimpiki 7 huko Tokyo.

Rio hiyo hiyo ndiko timu ya wakimbizi ilikoonekana mara ya kwanza, watu 10, na 5 kati yao wakimbiaji wa Sudani Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Wa Ifo hakuwamo. Nami natamani kwa moyo wote siku moja awemo, maana meza ya mchezo huu ina urefu wa mita 2.74 tu: madawati ya darasa moja yakisogezwa kando jioni, inaenea, na kuta zinauzuia upepo.