Kabla ya kusema "hawezi", chunguza kazi yenyewe

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2025 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Kwa kiwanda chenye wafanyakazi 100, hizo ni nafasi 5.

Wenye viwanda wengi huwa na hofu moja: je, kazi haitapungua kasi? Kiwandani kazi hupita mkono hadi mkono, na mmoja akichelewa, wote huchelewa. Hofu hiyo inastahili kujibiwa.

Mara nyingi msimamizi humwona mtu langoni akiwa na magongo au kwenye kiti cha magurudumu, akaamua papo hapo kwamba hawezi. Hajajiuliza kazi yenyewe inahitaji nini. Ni ya kusimama au ya kuketi? Inataka mikono miwili, au mmoja unatosha? Inataka macho, au vidole vinatosha?

Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, aliuliza maswali kama hayo zaidi ya karne moja iliyopita. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1922, anaeleza jinsi kazi 7,882 za kiwanda chake zilivyochunguzwa moja moja. Ni 949 tu zilizohitaji watu wenye nguvu nyingi na viungo timamu. Kazi 2,637 zingeweza kufanywa na mtu mwenye mguu mmoja, na 715 na mwenye mkono mmoja. Anasimulia pia kuhusu mtu asiyeona aliyepewa kazi ya kuhesabu boliti na nati, kazi ambayo watu wawili wanaoona walikuwa wakiifanya. Baada ya siku mbili, msimamizi aliomba wale wawili wahamishiwe kwingine, kwa kuwa asiyeona aliimudu kazi ya wote.

Wakati mwingine ni kazi inayohitaji kurekebishwa kidogo. Kiwanda cha chaki cha Nihon Rikagaku nchini Japani kilianza kuajiri watu wenye ulemavu wa akili mwaka wa 1960, na sasa wao ndio wengi miongoni mwa wafanyakazi wake. Kwa wale waliotatizika kusoma mizani, kiwanda kilitumia rangi: kilicho katika ndoo nyekundu hupimwa kwa jiwe jekundu la mizani, na cha ndoo ya samawati kwa jiwe la samawati. Utaratibu wa aina hiyo humfaa hata kibarua mgeni, au mfanyakazi aliyechoka mwishoni mwa zamu ya usiku.

Marekebisho mengi hayahitaji pesa nyingi. Penye ngazi, weka njia ya mteremko. Meza iliyo juu mno, ishushe. Pamoja na king'ora cha hatari, weka taa inayomweka ili mfanyakazi kiziwi aone. Penye kelele za mitambo, taa hiyo itamwokoa hata anayesikia. Wafanyakazi wenzake wafunzwe ishara chache za lazima: simama, hatari, nisaidie. Zaidi ya yote, muulize mfanyakazi mwenyewe anahitaji nini.

Hata hivyo, ajira isiwe ya huruma. Mfanyakazi mwenye ulemavu apewe kazi ya kweli, apimwe kwa matokeo kama wenzake, na alipwe sawa nao.

Kwa mkazi mwenye ulemavu anayetafuta kazi, hatua ya kwanza ni kukaguliwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo pia hukuwezesha kuomba msamaha wa kodi. Ukipata cheti cha msamaha kutoka KRA, mshahara wako wa hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato.

Kwa mwenye kiwanda, kabla ya kutangaza nafasi nyingine, zunguka kiwandani na wasimamizi wako. Andikeni kila kazi inahitaji nini hasa: macho, masikio, miguu au mikono. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha nani anaiweza kazi ipi.