Ndege ikitua shambani Ulaya, nani atalipa ngano?

NI mwezi Agosti, ngano imeiva katika shamba moja la kusini mwa Ujerumani. Hewa ya joto iliyokuwa ikiinyanyua glaida, yaani ndege isiyo na injini, imekatika ghafla. Rubani hana njia ila kushuka palipo tambarare. Dakika chache baadaye mwenye shamba anafika na trekta lake na kukuta mstari mrefu wa masuke yaliyolala chini.

Hali kama hiyo si ngeni kwa wakulima wa huko, na sheria imekwisha kuitolea majibu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Usafiri wa Anga ya Ujerumani kinataka kila anayetua au kuruka nje ya kiwanja cha ndege awe na ridhaa ya mwenye ardhi pamoja na kibali cha mamlaka ya anga. Glaida na baluni zimesamehewa, kwa kuwa rubani wake hawezi kujua mapema atashukia wapi. Kadhalika anasamehewa anayetua kwa dharura au kuokoa maisha ya mtu.

Msamaha huo, hata hivyo, hauna maana kwamba mkulima aondoke mikono mitupu. Rubani analazimika kumpa jina na anwani ya mwenye ndege, yake mwenyewe na ya kampuni ya bima. Akishazitoa, mwenye shamba hana haki ya kuizuia ndege isiondolewe, hata kama hasira zimempanda. Kwa upande wake anaweza kudai fidia ya mazao yaliyoharibika, na hahitaji kuthibitisha kwamba rubani alifanya uzembe. Kuna jambo moja linalowashangaza wengi: ndege ya injini iliyotua kwa dharura hairuhusiwi kuruka tena kutoka shambani hapo mpaka kibali kipatikane. Bila kibali, hufunguliwa mabawa na kupakiwa kwenye lori.

Fedha za fidia hutoka kwenye bima. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 785 ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha chini cha bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Kiwango hicho hutajwa kwa SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Ndege yenye uzito wa chini ya kilo 500 hukatiwa SDR 750,000. Ile isiyofika kilo 1,000 ni SDR milioni 1.5, na isiyofika kilo 2,700 ni SDR milioni 3. Kwa mkulima aliyelaliwa na nusu ekari ya ngano, hizo ni fedha za kutosha kabisa.

Mtu anaweza kudhani kwamba Umoja wa Ulaya umeweka sheria moja kwa wote kuhusu mahali pa kutua. Sivyo. Kanuni yake namba 965 ya mwaka 2012 inamtaka rubani wa ndege binafsi atumie mahali panapofaa kwa aina ya ndege yake na safari yake, basi. Ardhi ipi itumike na kwa kibali cha nani ni jambo la kila nchi.

Uingereza, iliyojitoa katika umoja huo mwaka 2020, imekuwa na ulegevu ambao Wajerumani huutamani. Mkulima wa England anaweza kuruhusu shamba lake litumiwe na ndege ndogo hadi siku 28 katika mwaka bila kuomba kibali cha mipango kutoka halmashauri, mradi eneo lenyewe lisiwe ndani ya ua wa jengo. Rubani anachohitaji ni ruhusa ya mwenye shamba. Ndiyo maana vijijini huko kuna vipande vya majani vilivyofyekwa vizuri ambavyo kwa mbali mtu angedhani ni malisho tu. Kwa wenye nyumba za wageni, ni njia ya kuwapata wateja wanaoshuka kutoka angani kwa chakula cha mchana.

Milimani mambo ni mengine. Novemba 1946 ndege ya Marekani aina ya Dakota ilianguka kwenye barafu ya Gauli nchini Uswisi, na marubani wa jeshi la nchi hiyo wakatua juu ya barafu kwa ndege ndogo za Storch na kuwaokoa watu wote 12. Tangu hapo kutua kwenye theluji kukawa mchezo na biashara, kelele zikazidi, na serikali ikabana. Leo anayepeleka watalii juu ya mita 1,100 lazima atumie sehemu zilizoteuliwa, ambazo kisheria haziwezi kuzidi 40. Ufaransa nayo, kwa sheria yake ya milima ya mwaka 1985, ilipiga marufuku kushusha abiria wa starehe milimani nje ya viwanja vilivyoidhinishwa.

Ruhusa ikishapatikana, bado kuna hesabu ya majani. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwashauri marubani waongeze asilimia 20 ya umbali wa kuruka kwenye majani makavu na asilimia 30 yakiwa mabichi kwa maji. Katika kutua, majani yenye maji huongeza asilimia 35, maana breki hazishiki. Shamba lililotosha kutua asubuhi huweza kukataa kumwachia rubani aondoke jioni baada ya mvua.

Na usiku ukimkuta hapo, inampasa aombe uzio wa umeme. Ng'ombe hupenda kulamba na kutafuna mabawa yaliyofunikwa kitambaa, na katika kesi hiyo mwenye ndege ndiye anayekuwa mdai.