Si Katikati ya Macho

Ng'ombe alikuwa ametumbukia korongoni, mguu wa nyuma umevunjika, mfupa umetokeza nje. Aliyeitwa aje na bunduki alisogea, akalenga katikati ya macho, akafyatua. Ng'ombe akapiga magoti, damu ikamtoka puani, kisha akainuka. Zilihitajika risasi tatu. Mzee mwenye mali akaniuliza, "Daktari, huyu ana roho ngapi?"

Roho ni moja. Ubongo ndio haukuguswa. Nyuma ya macho ya ng'ombe kuna njia za pua na mapango ya mifupa yenye hewa tu. Ubongo wenyewe, usiofika hata nusu kilo, umekaa juu zaidi, kuelekea pembe. Ninapofundisha huomba kichwa buchani na kuchora kwa chaki: mstari mmoja kutoka kona ya nje ya jicho la kushoto hadi shina la pembe ya kulia, mwingine kutoka jicho la kulia hadi pembe ya kushoto. Inapopishana ndipo pa kulenga. Asiye na pembe, kadiria pale ambapo zingeota. Kisha tunapasua fuvu kwa msumeno, kila mtu ajionee.

Mwelekeo nao una uzito wake. Risasi iingie paji la uso ikielekea shingoni, kana kwamba inaufuata uti wa mgongo. Ng'ombe akiinamisha kichwa, mpigaji naye abadili mkono. Mdomo wa mtutu uwe sentimita 30 hadi 60 kutoka kichwani, usigusane kabisa na ngozi, maana mtutu ulioziba unaweza kupasuka.

Bunduki gani? Kwa ndama, .22 inatosha. Kwa fahali, hapana, hata awe mpole namna gani: fuvu lake ni nene. Mwongozo wa madaktari wa mifugo wa Marekani unataka risasi yenye nguvu ya jouli 1,350 hivi kwa mnyama aliyezidi kilo 180, na .22 ya kawaida haifikishi hata robo yake. Risasi iwe ngumu, isiyochanua inapogonga mfupa. Bunduki ya marisawa, kwa karibu, hufanya kazi nzuri sana. Ya kivita yenye nguvu nyingi hupitiliza, kwa hiyo watu wote wakae nyuma ya mpigaji.

Halafu kuna suala la kitoweo. Aliyekufa kwa risasi kabla ya kisu ni kibudu kwa Mwislamu. Kama nyama ilikuwa iliwe, mchinjaji aitwe kwanza.

Ng'ombe akipigwa sawasawa huanguka papo hapo na pumzi hukatika. Miguu itarusha mateke kwa muda, na hapo ndipo watu hupiga kelele kwamba bado yu hai. Mimi huchuchumaa upande wa mgongoni, mbali na kwato, nikagusa mboni ya jicho kwa kidole. Akipepesa, risasi ya pili inakwenda mara moja.