Picha ya Megabaiti 30 Inavyomeza RAM

Picha ya harusi iliyopigwa kwa kamera ya megapikseli 24, ikiwa bado faili ghafi kwenye kadi, huwa na megabaiti 30 hivi. Ikifunguliwa kwenye programu ya kuhariri, picha hiyohiyo inaweza kuchukua megabaiti 144 za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kabla mhariri hajagusa kitu. Bwana na bibi harusi ni walewale, ukumbi ni uleule. Uzito umetoka wapi?

Umetoka kwenye rangi. Kihisio cha kamera hakioni rangi, hupima mwanga tu. Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, Marekani, alipata hataza mwaka 1976 kwa ufumbuzi ambao kamera nyingi bado zinautumia: kila pikseli hufunikwa na kichujio kidogo cha rangi moja, chekundu, kijani au buluu. Nusu ya vichujio hivyo ni vya kijani, kwa kuwa jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga wa kijani kutofautisha vitu vidogovidogo. Kwa hiyo faili ghafi lina namba moja tu kwa kila pikseli. Programu ikilifungua, hukadiria rangi mbili zilizokosekana kwa kuangalia pikseli za jirani, na namba moja inakuwa tatu. Kwa kazi ya makini, kila namba hupewa biti 16, yaani baiti 2. Milioni 24 mara 3, mara 2: ndiyo hiyo milioni 144.

Mtu anaweza kubana matumizi kwa kufanya kazi ya biti 8, kama JPEG, na RAM itakayotumika itapungua kwa nusu. Lakini biti 8 hutoa ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, wakati kamera inayorekodi kwa biti 14 hutoa ngazi 16,384. Tofauti huonekana suti nyeusi inapokaa kando ya shela jeupe. Mhariri akijaribu kuangaza mikunjo ya suti kutoka kwenye JPEG, ngazi huachana na kivuli laini hugeuka mabaka.

Kisha yanakuja matabaka. Programu ya kuhariri ya Photoshop ilipotoka Februari 1990 haikuwa nayo. Yaliingia kwenye toleo la 3 mwaka 1994, na kompyuta hazijapumua tangu hapo. Kila nakala kamili ya picha inayowekwa juu ya nyingine ili kusafisha ngozi au kubadili anga ni megabaiti 144 zaidi. Kumi ni karibu gigabaiti moja na nusu. Programu pia hukumbuka hatua 50 za nyuma mpangilio usipobadilishwa. Kwa bahati nzuri huhifadhi sehemu zilizoguswa tu, ila kuna vichujio vya programu, kama kile cha kutia ukungu, vinavyogusa picha nzima.

RAM ikijaa, Photoshop haigomi. Inahamishia ziada kwenye diski, na hapo ndipo kiduara kinapoanza kuzunguka. Tuseme gigabaiti 2 zimekosa nafasi. Diski ya kuzunguka inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde itahitaji sekunde 13 kuzipokea. SSD ya kawaida inayoandika megabaiti 500 kwa sekunde, sekunde 4. Ndani ya RAM kazi hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa hiyo anayenunua laptop ya mtumba kwa sababu tu ina diski ya terabaiti moja amevutiwa na namba isiyo yake. Adobe wenyewe, watengenezaji wa Photoshop, wanataka angalau gigabaiti 8 za RAM na wanapendekeza 16. La kumuuliza muuzaji ni kama kuna nafasi ya kuongezea, kwa maana kwenye baadhi ya mashine chipu zimechomelewa kwenye bodi.

Lightroom, programu nyingine ya Adobe iliyotoka 2007, ilipunguza mzigo kwa njia nyingine: haiandiki upya picha, inaandika maelekezo. “Ongeza mwanga, punguza buluu” ni maandishi ya kilobaiti chache, na faili ghafi halibadiliki.

Diski kubwa ina kazi yake baadaye. Harusi moja ya picha 1,500 ni gigabaiti 45 za mafaili ghafi, na kila moja linalogeuzwa kuwa la Photoshop lenye matabaka linaweza kuvuka gigabaiti moja. Muundo wa PSD wenyewe unakoma kwenye gigabaiti 2. Hapo diski ya kuzunguka, pamoja na upolepole wake, ndiyo nafuu kwa kila terabaiti. Mpiga picha makini hununua mbili, na ya pili haikai kwenye begi moja na laptop.