Kulala Karibu na Hell's Gate: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipia Chumba

Familia inayoondoka Molo saa kumi na mbili asubuhi kwenda Hell's Gate hupanda matatu tatu. Ya kwanza huifikisha jijini Nakuru, ya pili Naivasha mjini, na ya tatu huishusha kwenye njia panda ya lango la Elsa, barabara ya Moi South Lake. Hata magari yakijaa upesi, ni vigumu kulifikia lango kabla ya saa nne. Kufikia wakati huo jua limekuwa kali, baiskeli nzuri zimekodishwa na waliotangulia, na kama ni msimu wa mvua, zimebaki saa chache tu kabla mawingu hayajakusanyika.

Kwa wakazi wa Kuresoi, Molo, Njoro au Subukia, basi, kulala usiku mmoja Naivasha si anasa. Ni njia ya kununua saa za asubuhi. Hoteli kubwa za kando ya ziwa zinajulikana na zina watu wa kuzitangaza. Makala haya yanahusu nyumba za kawaida za wageni kando ya barabara, zile zenye kitanda, bafu, mahali pa kuegesha gari na mkahawa mbele. Nyingi zinatosha kabisa kwa usiku mmoja. Tatizo ni kwamba wateja wengi huchagua kwa kuangalia bei peke yake, na mengine huyagundua wakiwa wamekwisha kulipa.

Lango kwanza, chumba baadaye

Swali la kwanza ni msafiri atakuwa wapi alfajiri ya siku inayofuata. Naivasha ni kaunti ndogo pana, na mtu akiambiwa kwamba chumba "kiko Naivasha" bado hajaambiwa kitu.

Anayekwenda Hell's Gate atapata vyumba mjini, Karagita, au karibu na njia panda yenyewe. Mjini kuna vyumba vingi zaidi na vyakula vya kila aina, lakini njia panda iko zaidi ya kilomita 15 kutoka hapo, na lango liko mbele kidogo ya njia panda. Karagita ni mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Nyumba za wageni huko ni za bei nafuu, na matatu huanza kupita mapema kwa sababu wafanyakazi nao huamka mapema. Anayelala karibu na njia panda anaweza kukodi baiskeli na kuingia lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Anayetaka kupanda Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, ana hesabu tofauti. Lango la mlima huo liko upande wa barabara ya kutoka Mai Mahiu, karibu na kituo cha biashara cha Longonot, hivyo chumba cha barabara ya Moi South Lake kitamrudisha nyuma asubuhi. Mai Mahiu nako kuna vyumba, ila ni vizuri kujua kwamba huo ni mji wa malori. Injini hunguruma usiku kucha, na anayehitaji kimya aombe chumba cha nyuma au atafute kwingine.

Kisha kuna kalenda. Tangu mashindano ya magari ya Safari Rally yarejee katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha ndiyo makao yake. Miaka mitatu ya kwanza yalifanyika Juni, na kuanzia 2024 yakahamia Machi. Wiki hiyo chumba cha kawaida kinaweza kulipishwa bei ya hoteli, na vingi huwa vimechukuliwa mapema. Familia isiyokuja kutazama magari haina sababu ya kuja wiki hiyo.

Pesa isitangulie macho

Picha ya chumba kwenye simu haithibitishi kwamba chumba kipo, wala kwamba anayekikodisha ndiye mwenyewe. Walaghai huchukua picha za nyumba za watu wengine, hutaja bei iliyo chini kidogo ya ile ya kawaida, kisha huomba amana ya haraka kwa madai kwamba kuna mteja mwingine anayesubiri. Haraka hiyo ndiyo dalili.

Siku nyingi za kawaida nje ya sikukuu, msafiri anaweza kufika mchana, akatazama chumba, kisha akalipa. Ikibidi kulipa kabla, alipe kwa namba ya Till ya biashara na alinganishe jina linalojitokeza kwenye simu na jina la nyumba. Namba ya simu ya mtu binafsi isiyo na uhusiano wowote na jina la nyumba ni sababu tosha ya kusita. Njia nyingine rahisi ni kumwomba mtu anayeishi eneo hilo, au hata mwendesha bodaboda wa pale njia panda, athibitishe kwamba nyumba ipo na inapokea wageni. Aliyekosea na kutuma pesa atume ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kwa kuwa pesa ikishatolewa na mpokeaji ni vigumu kuirudisha.

Kabla ya kutoa chochote, aulize pia bei hiyo ni ya chumba au ya mtu, kama watoto wanalipiwa, kama kiamsha kinywa kimo, na kama gari litalala ndani ya ua au kando ya barabara. Apewe risiti.

Ndani ya chumba

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, leseni za biashara na utalii wa mashinani ni kazi ya serikali za kaunti. Nyumba ya wageni inayofanya kazi kihalali inapaswa kuwa na kibali cha biashara cha mwaka huu, nacho huonyeshwa mahali ambapo mteja anaweza kukiona, mara nyingi ukutani nyuma ya dawati la mapokezi. Mgeni ana haki ya kukitazama. Aangalie mwaka, na aangalie kama jina lililoandikwa ndilo lililo kwenye bango la nje. Wapishi nao hutakiwa kuwa na vyeti vya afya vinavyotolewa upya kila baada ya miezi 6. Kibali hakimhakikishii mtu shuka safi. Kinachomaanisha ni kwamba nyumba inajulikana, na mambo yakiharibika kuna pa kuanzia.

Baada ya hapo ni kazi ya macho na mikono. Mlango ufungwe kwa ndani na ufunguliwe kwa ndani bila kuhitaji mtu wa nje. Madirisha yenye vyuma visivyofunguka ni kinga dhidi ya wezi, lakini moto ukizuka huwa mtego, kwa hiyo katika nyumba ya ghorofa inafaa kujua ngazi ziko wapi na kama kuna njia ya pili ya kutokea. Kizimamoto kilichofungiwa stoo hakimsaidii mtu.

Bafuni, shawa za umeme zinazopasha maji papo hapo zinahitaji tahadhari. Nyaya zilizo wazi, kifaa kilichounguzwa au maji yanayompa mtu mtetemo hata mdogo ni sababu ya kuzima swichi na kuomba chumba kingine. Msafiri asikubali kuambiwa "hiyo ni kawaida yake".

Jambo linaloua kimya zaidi ni jiko la makaa. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, hasa Juni na Julai. Mgeni akiomba jiko la kuota moto akaletewa chumbani, au akija na lake la kupikia chakula cha watoto, hatari haipungui kwa sababu moshi umekwisha. Makaa yanayowaka bila moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huivuta bila kujua. Jiko halifai kuingizwa katika chumba cha kulala hata kwa dakika chache. Kinachofaa kuombwa ni blanketi la pili.

Kuhusu maji ya kunywa, wakazi wa Bonde la Ufa wanayajua meno yenye madoa ya kahawia. Visima vingi vya ukanda huu vina floraidi nyingi, na kuyachemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Usiku mmoja au mbili hauwezi kumharibu mtu meno, ila mwenye watoto wadogo abebe maji ya kunywa au anunue.

Giza likiingia

Wageni wengi wa ziwani huja wakiwaogopa simba, ambao si tatizo la hapa. Mnyama wa kuogopwa kando ya Ziwa Naivasha ni kiboko. Mchana hukaa majini, na usiku hutoka kwenda malishoni, wakati mwingine hadi kwenye ua wa nyumba. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na kuingia mtaa wa Kihoto, mpaka kati ya makazi ya watu na ya viboko ulizidi kuwa hafifu. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko alipokuwa akipiga picha kandokando ya ziwa hilo.

Kwa hiyo anayelala upande wa ziwa aulize mapokezi kama viboko hufika pale, kama kuna ua wa umeme, na nani wa kuita akitaka kutoka usiku. Choo cha nje katika nyumba isiyo na ua, karibu na maji, ni kasoro kubwa kuliko godoro jembamba. Kiboko akionekana, mtu asimsogelee wala asisimame kati yake na maji.

Asubuhi langoni

Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984. Ina ukubwa wa takriban kilomita 68 za mraba, na ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli bila gari. Ndiyo maana inawafaa watu wanaosafiri kwa matatu. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen wala si pesa taslimu, na ni busara kulipa jioni ukiwa chumbani, ambako mtandao na chaji ya simu vipo. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, kwa sababu viwango vya raia vinahitaji uthibitisho. Chakula kifungwe ndani ya begi. Nyani wa huko hawabishi hodi.

Kutoka lango la Elsa hadi eneo la korongo la Ol Njorowa ni kilomita kadhaa za vumbi, na hapo ndipo saa za asubuhi zinapoonyesha thamani yake. Korongo hilo ni jembamba, na maji yaliyolichonga bado hupita humo. Aprili 2012 vijana saba waliokuwa katika ziara ya kikundi cha kanisa walifariki waliposombwa na maji. Septemba 2019 watu wengine saba, akiwemo kiongozi wa watalii, walikufa kwa namna hiyo hiyo. Maji hayo hayahitaji mvua inyeshe juu ya korongo lenyewe. Inaweza kunyesha mbali, kwenye miinuko, huku juu ya korongo mbingu ikiwa nyeupe, kisha mkondo ukafika ghafla mahali ambapo kuta ziko karibu na hakuna pa kupanda.

Msafiri aulize askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) langoni kama korongo liko wazi siku hiyo na ni sehemu zipi zinazoruhusiwa, asishuke bila kiongozi anayetambuliwa na mbuga, na asishuke kabisa ikiwa mvua imenyesha au inaonekana upande wowote. Aliyelala karibu anaweza kuahirisha hadi kesho au kutosheka na nguzo ya Fischer's Tower, twiga na pundamilia. Aliyetoka Molo alfajiri, akiwa ametumia nauli tatu na bado ana tatu za kurudi, huona ugumu kuambiwa kwamba leo hakushukwi, naye ndiye anayeshawishika kumtafuta mtu wa kumpitisha.

Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mpango wowote wa korongo uwe na mpango wa pili, na watoto waambiwe mapema ili kusiwe na vilio langoni.

Dharura yoyote, ndani ya mbuga au katika nyumba ya wageni, hupigiwa 999 au 112 bila malipo. Malalamiko kuhusu usafi wa chumba au chakula hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ya Naivasha, na ya nyumba isiyo na kibali hupelekwa ofisi ya biashara ya kaunti ndogo hiyo. Picha ya risiti, jina la nyumba kama lilivyo kwenye bango, na tarehe ya kulala ndivyo vitu vya kwanza ambavyo afisa ataomba.