Je, Wajua? Bluu ina majina matatu

Ukiwa ufukweni Butimba, Mwanza, asubuhi Ziwa Victoria likiwa shwari, rangi unayoiona mbele yako unaweza kuiita bluu, samawati au nili. Bluu tumeipata kwa Waingereza. Samawati ni ya Kiarabu, na kwa asili maana yake ni mbingu.

Lililosafiri mbali zaidi ni nili. Chimbuko lake ni Kisanskriti, *nila*, yaani bluu iliyokoza. Lilipitia Uajemi na Uarabuni hadi kwetu, likiwa jina la rangi ya mmea iliyotiwa kwenye vitambaa. Kisha likawa jina la bluu ya kufulia: unatia kidogo tu kwenye maji ya kusuuzia, na shati jeupe lililoanza kuwa na umanjano linang'aa tena.

Sarufi nayo inatunza historia hii. Tunasema shati jeupe, jeusi, jekundu, kwa kuwa hizo ni rangi zenye mizizi ya Kibantu. Lakini husemi shati "jebluu". Ni shati la bluu.

Bluu ya ziwa ipo hata kwenye bendera ya Tanzania: tangu 1964, inawakilisha maji: bahari, mito na maziwa, Ziwa Victoria likiwemo.